Elimu ya Kufikiri Iishie Mlangoni Kwangu

Mwaya, Ziwa la Nyasa
8 Juni 1911

Kwa Bwana Mhariri mheshimiwa,

Mugonile, yaani hamjambo. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila mimi nimechoshwa na watoto wangu, na mwenye kosa ni wewe.

Utakumbuka kwamba masika ya mwaka jana mto Mbaka uliichukua shule yetu ya matete, pamoja na ubao na kengele, ukaitupa ziwani. Gazeti lako likatushauri wazazi tuwafundishe watoto nyumbani, hasa elimu ya kufikiri, ambayo mliiita mantiki. Mliandika kwamba vitabu si lazima; mzazi achague vitu vya hapo hapo kwake vitakavyomzoeza mtoto kulipima neno kabla ya kulimeza. Mimi ni mtu wa kutii. Mke wangu Anyitike alifariki mwaka juzi, akaniachia Angetile, sasa ana miaka kumi na mitano, na mdogo wake Lutengano wa miaka tisa. Nikachagua vitu, nikafundisha mwaka mzima bila kukosa. Haya ndiyo niliyovuna.

1. Nilianza na vyungu. Pengine huko mliko hamjui: akina mama wa Ikombe huvileta hapa kwa mitumbwi, na bei ya chungu ni ujazo wake. Unakijaza mpunga, mpunga unakuwa wao, chungu kinakuwa chako. Nikaona hapo pana somo safi la kupima. Basi siku ya soko Lutengano akatia chungu kidogo ndani ya kikubwa, ndipo akamimina mpunga, kisha akadai kwamba vyote viwili vimejaa na vyote viwili ni vyetu. Mama Marita, mfinyanzi mwenye heshima zake, alimtazama, akamkubalia. Soko lililofuata akatuletea mtungi tuliouagiza, una shingo nyembamba na tumbo la ndama aliyevimbiwa, akasema kwamba na yeye amefikiri. Jamani! Tulimimina mpunga tangu asubuhi hadi jua la utosi. Tangu hapo akina mama wa Ikombe hawaniuzii kitu nikiwa na mtoto, na uji wangu unapikwa katika chungu chenye ufa.

2. Somo la pili lilikuwa la mambo mawili yasiyoweza kuwa mahali pamoja. Nilitafuta mfano mzuri, nikajitoa mimi mwenyewe, mjinga mimi. Mwanangu mkubwa, Ambrose, anaishi hapa na mkewe Rut, na kwa desturi yetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Mengi tuliyaacha tulipobatizwa, hili bado. Watoto wakalielewa somo upesi kuliko nilivyotaka. Wakiwa na haja ya ndizi mbivu nilizoziweka ndani, humwomba Rut aketi mlangoni asuke mkeka, basi mimi siingii. Jumanne iliyopita niliizunguka nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu mara nne, nikiwa na njaa. Kumkemea Rut siruhusiwi. Ujumbe lazima apeleke Lutengano, naye haupeleki mpaka nimpe sababu mbili, na moja huwa anaikataa. Rut huko ndani anacheka, namsikia. Desturi ya wazee haikusema lolote juu ya kicheko.

3. Nilichagua pia kile kitabu cha dini cha maswali na majibu, nikidhani ndicho salama kuliko vyote, kwa kuwa kila swali limefungwa na jibu lake chini. Angetile akayafunika majibu kwa jani la mgomba, akaniuliza mimi. Bwana Mhariri, mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa nane sasa. Tusiendelee na hilo.

Ila niseme la mvua. Mwezi wa nne tulikusanyika kuomba mvua ikome isituchukulie na kanisa. Baada ya amina Angetile akasimama, akauliza kwa adabu kabisa: Wakristo wenzetu wa mlimani wanaiombea migomba yao mvua, na mto wetu unatoka kwao, je, sisi na wao nani anasikilizwa? Mwalimu Eliud wa kanisa letu, ambaye ni mwepesi wa machozi akihubiri, siku hiyo alilia kabla ya kuhubiri. Sasa kuna maneno kwamba nivuliwe uzee.

4. Hayo yote ningeyavumilia. Lakini hili la nne limenikaa kooni. Angetile anataka kwenda shule ya wasichana ya misioni, huko mlimani, mwendo wa siku mbili, alale huko, awe mwalimu. Nilikataa, na kwa kuwa mimi ndimi niliyemfundisha kwamba kila neno liwe na sababu, nilimpa tano. Akaziandika ukutani kwa mkaa. Njia ni ndefu: akauliza mbona niliipita mara mbili kwenda kutazama fahali ambaye hata sikumchukua. Chui: akanikumbusha ninavyojisifu kwamba chui wa mwisho nilimmaliza mimi. Nani atanipikia: Rut anapika kila siku. Msichana hana haja ya elimu nyingi: hapo alinitazama tu, nami nikaifuta mwenyewe kwa aibu. Ya tano nikasema, kwa sababu mimi ni baba yako. Akajibu kwamba hilo ni kweli tupu, lakini si sababu. Lo! Mtoto niliyembeba mgongoni siku ya mafuriko yale yaliyochukua shule!

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, unichagulie vitu vingine vya kufundishia vyenye sifa zifuatazo. Vimwezeshe mtoto kuona kosa la mchuuzi, la jirani na la Mwalimu Eliud, lakini akifika kwa baba yake macho yafifie. Majibu yawe katika fungu la mwisho, lililoshonwa kwa uzi, na uzi nikate mimi. Na vifike kwa meli kabla ya Jumatatu, siku anayotaka kuondoka. Lutengano ananiambia kwamba barua yenyewe itakufikia baada ya majuma sita. Unaona mateso yangu?

Ndaga fijo, asante sana. Wasalimie wa nyumbani kwako, wapiga chapa wote, nahodha wa meli, na yeyote aliyeandika ule ushauri. Huyo msalimie mwisho. Ambrose anakusalimu. Rut pia nadhani anakusalimu, sina njia ya kumuuliza.

Ni mimi, msomaji wako mtiifu hadi juzi,
Nsajigwa wa Mwaya

Nyongeza: Barua hii nilimpa Angetile anisahihishie. Hakugusa neno, ila aliniuliza, tata, katika sababu zile tano, ipi uliyoiamini wewe? Nikachukua kalamu. Nikamwandikia ya sita: tangu mama yako afariki, sauti yako ndiyo inayonifanya nijue kwamba nimefika nyumbani. Aliisoma, akalia, akasema hiyo haina kosa, atabaki. Nami, Bwana Mhariri, nilifurahi kwa muda wa kumeza mate tu. Kisha nikaliona kosa, tena kubwa, nikamwonyesha: hiyo ni sababu ya mimi kumlilia, si sababu ya yeye kubaki. Alibisha hadi jioni, nikamshinda. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumshinda. Vitu nilivyoomba usivilete. Jumatatu tunaondoka, na sanduku lake nitalibeba mimi.