Mkuu Ndani ya Choo cha Wakubwa

Hivi wewe umewahi kuomba kufunguliwa mlango kwa Kiingereza sanifu? Basi kaa nikusimulie, maana katika ofisi ninayopikia chai jambo hilo limepiga hatua.

Mkuu wetu alitukusanya kwenye korido akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna ombi litakaloshughulikiwa mpaka litamkwe kwa Kiingereza kisicho na dosari. Ikaundwa Kamati ya Vitenzi, iamue kitenzi kipi cha Kizungu kinatembea chenyewe na kipi lazima kishikwe mkono na kineno kidogo. Mwenyekiti akawa Bwana Kamusi, tunayemwita hivyo kwa kuwa hata ukipiga chafya atakusahihisha.

Mimi niliyeishia shule ya msingi niliona ni jambo jema. Wajumbe walikunywa chai sana.

Walianza na "request", yaani kuomba. Wengine wakasema lazima ifuatwe na "for", wengine wakasema iende kavu. Wenye "for" wakahamia meza ya dirishani, wakavu wakabaki kando ya kabati, na kijiko cha sukari kikawa hakivuki. Huku nje dereva hakupata mafuta, na mama mmoja aliyefuata cheti cha mwanawe akarudishwa kwa kuwa aliomba kwa mdomo wake wa kawaida.

Ndipo akaja mgeni kutoka wizarani, kumpima Mkuu kama anafaa kupandishwa cheo. Gari likiwa getini, Mkuu alikimbilia choo cha wakubwa kuweka tai sawa. Alipotaka kutoka, kitasa kikamng'okea mkononi.

Tukamsikia akiomba, kwa sauti ya hotuba, akitumia "request for". Kamati ikahamishia kikao mlangoni. Bwana Kamusi akamshukuru kwa ombi zuri, akamweleza kwamba hiyo "for" yake bado ina mgogoro. Mkuu akarudia bila "for". Watu wa dirishani wakanuna, wakasema kiongozi ameonyesha upendeleo.

Fundi seremala alikuwa amesimama na patasi yake. Akaninong'oneza, "Bibi, nibandue?"

Nikamwambia aache ujeuri, ombi halijapita. Nikampa kikombe.

Mgeni akaingia, akaamkiwa, akauliza mwenyeji wake yuko wapi. Katibu akajibu kwamba Mkuu yuko kwenye jambo zito. Mgeni akavuta kiti akakaa mkabala na mlango wa choo, nikamwekea chai na kisahani kisichopasuka. Akaelezwa utaratibu wote. Akaupenda mno.

"Nidhamu kama hii sijaiona," alisema. "Nani aliyeiasisi?"

"Huyo aliye humo ndani," akasema Bwana Kamusi.

"Basi asiharakishwe. Kamati imalize kazi yake, mimi nitaandika kwamba mambo hapa yanakwenda vizuri bila ya yeye kuwepo."

 Kule ndani maji yakadondoka kwenye ndoo, tone moja moja. Kamati ikaomba chai nyingine, nikamimina upande wa dirishani kwanza, halafu wa kabati, wasije wakanuna tena. Mara nikaona vidole vya Mkuu vimechomoza chini ya mlango, na tai imeburutika pamoja navyo. Sauti ya hotuba ilikuwa imemwisha.

"Bibi," akasema. "Bibi yangu, shikamoo. Mwambie fundi avunje mlango. Nataka kutoka."