Dakika Tisa za Suruali

Kama humjui Jicho, kosa ni lako, si lake. Mwenyewe alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba ndiye mwongozaji bora wa filamu fupi, na wa pili wake bado hajazaliwa! Kazi iliyomlisha ilikuwa kupiga video za harusi, ila hiyo aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Jumamosi moja gazeti likamsifu. Wenzake huvishwa kilemba cha ukoka; yeye alivishwa cha hariri! Mhakiki mmoja, mama ambaye kalamu yake ilishawaliza wakongwe, aliandika hivi: "Hatimaye tumepata mwongozaji asiyeogopa ukimya! Dakika tisa kamera haisogei. Mshonaji anashona suruali iliyochanika makalioni, huku ananung'unika. Lakini je, ni suruali tu iliyochanika? Hapana! Ni sisi sote!"

Jicho alisoma mara ya kwanza akashangilia. Alipoisoma tena, jasho likamtoka. Suruali gani tena?

Filamu aliyokusudia kuipeleka kwenye shindano la filamu fupi ilikuwa ya kisasi, yenye mapanga matatu, mvua ya ndoo, na yeye mwenyewe akifa mara mbili. Akafungua kompyuta. Lahaula! Alikuwa amepeleka faili siyo.

Miezi kadhaa nyuma alitega kamera kwenye chumba cha kazi cha shangazi yake, fundi cherehani, kisha akatoka kwenda kuazima kebo. Sasa, Jicho alikuwa na mtindo wake wa kwenye harusi: taa nyekundu ya kamera aliibandika plasta, wageni wasijue wanarekodiwa wakaanza kukaza sura. Plasta ile ile ikamfanya hata yeye asijue kamera imewaka. Kamera ikabaki ikirekodi, na shangazi, akijua yuko peke yake, akamshonea suruali na kumsema mpaka basi.

Afanyeje? Mshindi angekabidhiwa filamu ndefu aiongoze, na Jicho alikuwa ameiota filamu ndefu miaka sita. Akisema kweli, anarudi kupiga picha za keki.

"Ukweli ni mzuri," alijisemea, "lakini filamu ndefu ni nzuri zaidi."

Siku ya fainali, saa nane mchana, ukumbi ulifurika. Shangazi, ambaye gazeti hakulisoma, aliketi mstari wa mbele na gauni lake jipya, akisubiri mapanga. Filamu ikaanza. Akajiona!

"Huyu mtoto anajiita mwongozaji," shangazi wa kwenye pazia alisema, akikata uzi kwa meno, "na kujiongoza kwenda kuoga hawezi!"

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi. Shangazi wa kwenye kiti akamgeukia Jicho.

"Wewe! Ulinirekodi hata nywele sijachana?"

"Shangazi, nitakueleza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Bahati yake, akaitwa jukwaani. Mhakiki, ambaye ndiye aliyeongoza majaji, akamuuliza alimwezaje mama yule.

"Miezi minne ya mazoezi!" Jicho alisema, mabega juu. "Kila guno niliandika mimi. Hata ule uzi, nilimwelekeza aukate kwa jino la kushoto!"

"Ajabu! Basi mwelekeze hapa hapa, dakika moja tu. Tukiridhika, filamu ndefu ni yako."

Meza ikaletwa, kamera ikawekwa, shangazi akapandishwa, akapewa koti la jaji mmoja lililong'oka kifungo.

"Shangazi, shona kwa uchungu. Ufikirie ulimwengu. Eksheni!"

Shangazi akakakamaa kama mlingoti. Akaikodolea macho kamera. "Habari. Za. Mchana. Watazamaji."

"Kata! Kwa hisia, Shangazi!"

"Hisia zitoke wapi, na wewe umenisimamia kama askari?"

Watu wakaanza kunong'ona. Jicho akaona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamuwaka moto. Mhakiki akavua miwani.

"Mwongozaji, hebu toka nje kidogo."

Akatoka. Mlango ulipofungwa tu, sauti ya shangazi ikamfikia, nyororo kama mtu yuko kwake.

"Jamani, mmemuona? Eti miezi minne ya mazoezi! Miezi minne namsubiri aje achukue suruali yake!"

Ukumbi ukalipuka. Jicho akatega sikio mlangoni, akasikia kicheko juu ya kicheko. Kimoja kikamponyoka hata yeye, akakimeza haraka.

Baada ya robo saa mhakiki alitoka, anafuta machozi, akampa karatasi. "Hongera. Filamu ndefu tumewapa nyinyi wawili."

"Nilijua! Kipaji hakijifichi!"

"Soma kifungu cha pili."

Jicho akasoma. Mwongozaji atatega kamera, ataiwasha, kisha atakaa umbali wa mita mia mbili mpaka mwigizaji mkuu atakapomwita.

"Mita mia mbili!" akalalamika. "Mnanionea, majaji!"

"Sisi tuliandika hamsini," mhakiki alimjibu. "Shangazi yako ndiye aliyeongeza."