Mkono Unaotazamwa

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa thelathini na tisa ugenini. Karakana yangu ya saa kule nyumbani bado imefungwa. Ufunguo anao kaka yangu. Nataka kuifungua mwenyewe kabla sijafa. Binti yangu amekubali nisafiri peke yangu kwa sharti moja: Alhamisi, mbele ya daktari, nibebe kikombe cha chai kilichojaa, toka jikoni hadi sebuleni, nisimwage. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Dharau hiyo! Nimekubali.

Jumanne, 4 Machi
Nimepanda ghorofa ya juu kwa daktari, kupeleleza. Akaeleza kwamba seli ya neva inayouamuru msuli huidokeza pia seli jirani, nayo huirudishia jibu: imetosha, tulia. Nikaelewa papo hapo. Ndivyo nanga ya saa, kile chuma kidogo chenye ndoano mbili, inavyolizuia gurudumu, jino kwa jino. Bila nanga, springi ingefumuka kwa mkupuo. Nikazisikia tena saa zangu ukutani kule karakana, asubuhi, zikibishana.
Akaongeza kwamba upo mzunguko mwingine, mbaya: nikiogopa, mkono hutetemeka, nikiuona ukitetemeka, naogopa zaidi. Nisiutazame. Fundi saa asiutazame mkono wake! Daktari huyu kijana bado.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu: kufuli la baiskeli kwenye kifundo cha mkono, uzito uutulize. Shemeji, mhudumu wa hoteli mstaafu, akauliza kama naogopa mkono utaibiwa. Kisha akapita na sinia juu ya vidole vitatu, akipiga mluzi. Nami nikabeba kikombe, nikaukazia mkono macho. Chai yote kwenye suruali yake. Si hasara tupu.

Alhamisi, 6 Machi
Kikombe kimejaa. Nikiwa njiani daktari akaniuliza karakana ilinukaje. Mafuta mepesi, nikamwambia, na shaba, na vumbi lililoonja mvua. Na marehemu mke wangu akichungulia dirishani kuuliza ni saa ngapi, nami nimezungukwa na saa, hakuna hata mbili zinazokubaliana. Nikafika kwenye zulia bila tone kudondoka. Machozi yakamlengalenga binti yangu.
"Baba, hebu tazama mkono wako. Umetulia kabisa."
Nikatazama.

Ijumaa, 7 Machi
Zulia limeanikwa. Sanduku limerudishwa juu ya kabati. Kaka ameambiwa kwa simu ampe karakana fundi mwingine. Nimewaza tangu alfajiri, na kosa nimeligundua: nilichelewa kuutazama. Kuanzia leo siuondolei macho.
Nyumbani sirudi.