Siku Gari la Mshonaji Liliponyamaza

Sogeeni, enyi wa sebuleni na enyi wa jikoni! Anayepeta mchele aweke ungo chini, mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana habari hii haikatizwi. Nawasimulia vita vya mjukuu wangu, Mshonaji wa Sare, Malkia wa Pindo, aliyepambana na zimwi lililojificha ndani ya magurudumu ya gari lake, naye hakuwa na jeshi ila jeki, spana, na mimi bibi yake juu ya kigoda.

Zimwi hilo lilijulikana kwa sauti. Kila adhuhuri, mjukuu akirudi kupeleka sare za shule, alipokanyaga breki mbele ya lango letu gari lilitoa ukelele kama mbuzi anayeburutwa kwa masikio. Kuku walitawanyika, na nyuma ya ukuta mtoto mchanga wa jirani, ambaye ndiyo kwanza amepata usingizi, aliamka akalia mpaka alasiri. Mama yake, binti mpole mwenye macho mekundu, kila tulipomwomba radhi alijibu, "Wala, Bibi! Gari gani? Sisi hata hatulisikii." Aliyasema hayo huku akipiga miayo. Matusi yasingemchoma mjukuu wangu kama ile miayo.

Na fundi gari alikuwa safarini, amekwenda msibani. Basi shujaa akasimama uani, akajifunga kanga kiunoni, akanena kwa sauti kuu:

"Sikieni, enyi kuta na ndoo! Mtoto yule atalala. Naapa kwa mkasi wangu!"

Mwanangu, mjomba wake, Jemadari wa Kiti cha Kuegemea, akashusha gazeti. "Nakwambia mimi mjomba wako, breki si pindo la sketi. Ukikosea hufumui."

"Suti yako ya harusi nani aliishona, mjomba?"

"Wewe. Na mkono mmoja mfupi mpaka leo."

"Mkono wako ndio mrefu, hasa wakati wa kupakua."

Vita vya kwanza vikaanza. Sasa, kwa mshonaji, chombo kikipiga kelele dawa ni moja tu: mafuta ya cherehani. Akachukua kile kikopo chake chenye mdomo mrefu, akapiga magoti mbele ya magurudumu kama mganga mbele ya mgonjwa, akazinywesha breki mafuta mpaka yakachuruzika. Akalitoa gari nje, akalirudisha uani taratibu, akakanyaga. Lo! Ukelele umekoma. Tukainua mikono kushangilia, kabla hatujagundua kwamba gari, pamoja na kuacha kulia, limeacha pia kusimama. Likapita polepole, kwa heshima zote, penye kiti cha mjomba, ambacho mjomba alikuwa amekiacha kwa wepesi ambao sijauona kwake tangu utotoni. Likapenya kamba ya nguo, likajikita katika rundo la mchanga, limevaa suruali ya mjomba.

"Limesimama," nikasema, maana aliyeanguka hupewa kwanza neno jema.

Shujaa alilaza kichwa juu ya usukani. "Bibi, ningemgonga mtu."

Nikaingia nikakaa kando yake. "Mke mwenzangu, ulipoanza kushona ulianza na koti?"

"Nilianza na leso."

"Ukaharibu ngapi?"

"Ah, Bibi! Nani alihesabu?"

"Basi hii nayo ni leso. Futa macho."

Tulipotoka tukamkuta mjomba analeta pedi mpya za breki kutoka duka la vipuri, na jiliwa, lile bano la seremala la kukazia mbao. Alisema alikuwa anapita tu njia hiyo. Duka liko upande wa pili wa soko, na jua lilikuwa kali.

Vita vya pili vilipiganwa kwa akili. Safari hii shujaa alitazama somo kwenye simu mpaka mwisho ndipo akagusa spana. Akaziba magurudumu ya nyuma kwa mawe, akalegeza nati gari likiwa bado chini, akalipandisha kwa jeki, akaweka gogo chini yake lisije likamwangukia. Kila alichokifungua alikitia alama ya chaki, ile ya kuchorea vitambaa, kushoto na kulia, kama mikono ya shati. Zikatoka pedi kuukuu, zimelika, zimebaki chuma kitupu: hilo ndilo zimwi! Akasugua mafuta yote kwa dawa ya kusafishia breki, na pale pedi mpya, nene, zilipokataa kuingia, jiliwa likasukuma chuma kinachozikandamiza, kikarudi nyuma kama adui aliyeona panga.

Akaingia garini, akakanyaga. Kanyagio likazama mpaka sakafuni.

"Mjomba! Limekufa!"

"Kanyaga tena! Si simu imesema ukanyage mpaka ligome?"

Akakanyaga, akakanyaga, hata kanyagio likawa gumu. Ndipo akalijaribu gari mle mle uani, polepole, akilielekeza kwenye mchanga. Likasimama mbali nao, likiwa uchi, bila suruali ya mtu.

Adhuhuri iliyofuata tulijipanga langoni. Gari likakata kona, likakaribia, likasimama. Kimya! Kigelegele kilinipanda kooni. Nikakizima kwa pembe ya kanga. Mjomba alipiga makofi bila viganja kugusana.

Mara kichwa cha binti jirani kikachungulia juu ya ukuta, kina wasiwasi.

"Bibi, kwema? Mjukuu hajarudi leo? Mtoto bado amelala, gari sijalisikia, nikaogopa…"

"Gari gani, mwanangu?" nikamuuliza.

Akamwona shujaa amesimama, mikono bado ina masizi ya jana. Akajiziba mdomo, akacheka mpaka machozi, bila sauti, nasi tukacheka vivyo hivyo, tukishikana mabega.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote vya ukoo huu, kwamba siku hiyo mtoto alilala mpaka alasiri, mama yake akalala pembeni yake, na kuku wetu walizunguka langoni, hawajui pa kukimbilia.