Kilomita Ishirini na Nne Chini ya Meza

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeitwa ofisini kwa Mkuu wa Utawala saa tatu na robo. Nilidhani ni kuhusu faili la likizo lililopotea Ijumaa. Halikupotea, nilikuwa nimelikalia. Kumbe siyo hilo. Mezani kulikuwa na fomu yangu ya kuombea kazi, niliyoijaza miezi sita iliyopita, na kidole cha Mkuu kilikuwa kwenye kisanduku cha mwisho: Unapenda kufanya nini nje ya kazi? Jibu langu, kwa mwandiko safi kabisa: mbio ndefu.

Niseme ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu. Sipendi mbio ndefu. Fupi pia sizipendi. Ila nafasi tupu kwenye fomu hunitia hofu, na siku ya usaili niliona medali saba ukutani mwa Mkuu, zote kwenye msumari mmoja. Mkono ukaandika wenyewe.

Jumapili ni marathoni ya jiji. Kilomita arobaini na mbili na vipande. Ofisi inapeleka watu watatu: Mkuu, mimi, na Mshale. Majina ameshayapeleka tangu Julai. Alidhani mtu wa mbio ndefu hana haja ya kuambiwa mapema.

Mshale ni karani mwenzangu wa masjala. Tuliingia siku moja, wote tuko kwenye majaribio, na nafasi ya kudumu ni moja tu. Majaribio yanaisha Jumatatu ijayo. Mkuu amesema barua ya kuthibitishwa kazini ataiandika baada ya mbio, akishatuona barabarani. Nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

Shangazi, ninayekaa kwake, amefurahi mpaka akasimamisha cherehani. Amesema ukoo wetu haujawahi kutoa mtu wa mbio. Hilo nalijua, nina miguu ya ukoo.

Jumanne, 3 Septemba

Mazoezi. Nimeamka alfajiri, nimekimbia mpaka duka la mikate. Nilipofika nilishika mlango kwa mikono miwili. Muuza mikate akaniuliza nani ananikimbiza. Nikanunua mkate ili safari iwe na maana, nikarudi kwa mguu.

Nimepima kwenye ramani. Mita mia sita.

Mshale ameniuliza mbele ya watu wote wa masjala nimeshakimbia marathoni ngapi. Nikasema sipendi kuhesabu. Akasema, "Pole pole basi, kaka. Ukichoka njiani useme, tutakuweka kwenye faili tukubebe." Wakacheka mpaka mhudumu wa chai. Nimeandika majina ya waliocheka.

Alhamisi, 5 Septemba

Sijalala. Nikikosa barua, Jumanne asubuhi sina pa kwenda, na Shangazi ameshawaambia wateja wake wote kwamba mimi ni mtu wa serikali. Hilo ndilo linalonibana kifuani, wala si mbio.

Leo nimesoma kanuni za marathoni. Kurasa kumi na nne, na tanbihi zote. Nadhani ni mimi peke yangu katika jiji hili niliyezisoma. Na ukurasa wa sita umeniokoa.

Njia ni kwenda na kurudi. Unatoka uwanjani, unafika kituo cha kugeukia, kilomita ya ishirini na moja, unarudi njia ile ile. Kituoni kila mkimbiaji anafungwa utepe mkononi kama ushahidi kwamba amefika. Rangi ya utepe haitangazwi mapema. Mwishoni wanakagua utepe, unapewa medali. Basi. Hakuna kingine.

Kilomita ya tisa inapita mtaa wetu. Kilomita ya thelathini na tatu inapita mtaa ule ule, kwa upande wa kurudi.

Nimezifunga kanuni, nimenawa uso, nimezifungua tena. Bado zilisema hivyo hivyo.

Shangazi ni fundi cherehani. Ana tepe za rangi zote.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimechukua tepe sita wakati Shangazi akimpima mteja: nyeupe, nyekundu, njano, kijani, buluu, zambarau. Urefu sawa, sentimita thelathini. Mpango: ninatoka njiani kilomita ya tisa, naingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, nachungulia dirishani rangi wanayorudi nayo wenzangu, nafunga ya kwangu, najiunga nao kilomita ya thelathini na tatu. Zitabaki tisa. Tisa nitajikaza.

Ili nisichanganyikiwe kwa hofu, nimeipa kila moja namba kwa wino usiofutika, pembeni kabisa, kama tunavyofanya masjala. U/1 mpaka U/6, na tarehe ya kupokelewa. Nimefungua na rejista ndogo. Kazi bila rejista mimi siwezi.

Jumamosi, 7 Septemba

Mkuu ametupa namba za kubandika kifuani. Yangu 2216. Ametuuliza kama kuna mwenye jambo la kusema kabla ya kesho. Ametuangalia mmoja mmoja. Mshale akasema goti lake la kushoto linamsumbua kidogo lakini atajaribu. Nikamdharau. Mtu gani anajivua nguo mbele ya bosi siku ya mwisho? Mimi nikasema niko imara.

Usiku nimezihesabu tena tepe. Sita.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi. Hakuna namna nyingine ya kulala.

Saa kumi na mbili kamili filimbi ikapigwa. Watu maelfu. Sikukimbia, nilibebwa. Kilomita mbili za kwanza nilizimaliza kwa woga wa kukanyagwa. Ya tano nikaanza kusikia pumzi ya mtu mgonjwa karibu yangu, nikageuka kumpisha, kumbe ni yangu. Mkuu na Mshale walishapotea mbele. Kilomita ya tisa nikainama kama nafunga kamba ya kiatu, nikachepuka uchochoroni kwa kinyozi, nikaruka ukuta mdogo, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Saa moja na dakika tano. Kimya. Shangazi Jumapili huwa anasali kanisani mpaka saa tano.

Leo hakwenda.

Nilisikia ndara zake ukumbini, nikaingia chumba cha kushonea, chini ya meza ya kukatia, nyuma ya marobota ya bitana. Akaingia. Akaketi kwenye cherehani, hatua mbili kutoka kichwani kwangu. Akashona. Saa nzima. Niliona miguu yake ikikanyaga, na kitambaa cheupe kikishuka upande wa pili, na juu yake herufi nyekundu, moja baada ya nyingine. Ilipofika herufi ya nne nikatambua ni jina langu.

Alikuwa anashona bango.

Halafu majirani wakaanza kuja. Kinyozi, mke wa kinyozi, muuza mikate, mama wa genge la mboga na wanawe wote. Shangazi amewaalika mtaa mzima wasimame getini kunishangilia nikipita kilomita ya thelathini na tatu. Kinyozi akauliza kama kweli nitafika. Shangazi akamwambia kwa sauti kali kwamba huyu kijana akianza jambo halitupi njiani. Pamba iliingia puani. Nikazuia chafya kwa bitana. Machozi yalitoka, nadhani kwa sababu ya chafya.

Walipotoka nje wote nikatambaa mpaka dirishani. Wa kwanza kurudi walishaanza kupita. Kijani. Mikono yote kijani! Nikafunga U/4 kwa meno. Nikatoka nyuma, ukuta, uchochoro wa kinyozi, nikasubiri kundi kubwa, nikajichomeka katikati. Saa nne kasoro dakika kumi.

Mtaa ukalipuka kwa shangwe. Bango lilikuwa la mita tatu. Shangazi alikuwa analia waziwazi, ameshika ncha moja, mama wa genge ameshika nyingine. Nikapunga mkono. Hapo kinyozi akapaza sauti: "Kilomita thelathini na tatu, na mtoto hana tone la jasho! Mwangalieni! Mkavu kama karatasi!" Walionizunguka, waliolowa mpaka soksi, wakageuka kuniangalia. Nikakaza mwendo.

Hizo kilomita tisa sitazisahau. Niseme tena ukweli. Nilidhani tisa ni kidogo, na mwili ulishapoa chini ya meza. Kilomita ya thelathini na sita msuli wa paja ukanishika, nikasimama katikati ya barabara na mguu mmoja juu kama korongo. Mama mmoja mwenye kofia ya njano, umri wa Shangazi, akasimama naye. Akanikandamiza paja kwa viganja bila kuuliza, akasema tumetoka mbali sana mwanangu, sasa hivi hatuachi. Kila aliposema "tumetoka mbali" utepe ulinibana mkononi. Tukaenda pamoja, tukitembea penye kilima, tukikimbia penye kivuli. Watu nisiowajua waliniita kwa namba: ishirini na mbili kumi na sita, bado kidogo baba, bado kidogo. Nilitamani sana niwe nimetoka nilikotakiwa kutoka.

Saa tano na dakika ishirini nikavuka mstari. Mkaguzi akaangalia utepe kwa jicho moja, akanivisha medali. Mama wa kofia ya njano akanikumbatia, akaondoka bila kuniambia jina.

Mkuu alikuwa ananisubiri kwenye kamba, amejifunika taulo. Akaniuliza kwa upole mbona hakuniona tulipopishana. Nikasema hatukupishana. Akasema njia ni moja, ya kwenda na kurudi. Yeye akirudi, wanaokwenda wote wanapita mbele ya macho yake, na aliwaangalia wote kwa saa nzima akitafuta namba 2216 ili anishangilie.

Kurasa kumi na nne nilizisoma. Hili halikunijia.

Nikasema labda nilikuwa msalani. Akauliza msala upi, maana kati ya kumi na ishirini na moja haukuwepo hata mmoja, yeye mwenyewe aliutafuta. Kisha akaushika mkono wangu, kama mtu anayetaka kupiga picha, akaugeuza polepole. Jasho lilikuwa limeukunjua ule utepe. U/4. Imepokelewa 6 Septemba. Kwa mwandiko anaouona kila siku kwenye majalada yake.

Akausoma. Nadhani aliusoma mara mbili. Akasema mwandiko wangu ni mzuri, hata ukilowa. Akaniachia mkono, akaenda kumtafuta Mshale.

Mshale hakumaliza. Goti lilimkatalia kilomita ya thelathini na saba, akaletwa na gari la huduma, amefungwa barafu. Alikwenda mwenyewe kwa Mkuu kumwambia. Nimefarijika kidogo. Angalau mimi nina medali.

Jumatatu, 9 Septemba

Barua zimetoka saa nne.

Mshale amethibitishwa.

Nimeisoma ya kwangu nikiwa nimesimama, halafu nimekaa, halafu nikaangalia kama nimekalia kitu. Majaribio yameongezwa miezi sita. Sababu haikuandikwa. Nikaomba kumwona Mkuu. Akaniambia masjala inahitaji mtu ambaye faili likipotea atasema limepotea. Mshale ameweza kusema mguu umekataa, mimi sijaweza kusema hata kwamba nimechoka. Akasema hataki kunifukuza, kwa sababu katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona mtu anayedanganya kwa utaratibu namna ile, na anaamini utaratibu huo unaweza kutumika kwa jambo jema. Akanitaka nifikirie.

Nimefikiria mchana kutwa. Sasa nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Ni goti. Ningesema goti tangu Jumamosi.

Nimeanza kuchechemea saa tisa. Mshale akaniuliza mguu gani. Nikasema kushoto. Akaniambia, bila kucheka, kwamba nachechemea wa kulia.

Nyumbani Shangazi ametundika medali juu ya cherehani, na bango ukutani. Kila mteja anaelezwa. Ameniuliza kama barua imetoka. Nikasema imetoka. Hakuuliza imesemaje. Kisha akasema kuna panya mle ndani, amekata tepe zake sita, urefu sawasawa, kama kapima.

Jumatano, 11 Septemba

Kwa kuwa majaribio yameongezwa, Utumishi wametaka nijaze fomu upya. Nimeijaza kwa makini. Jina, elimu, anwani ya Shangazi. Kisanduku cha mwisho: Unapenda kufanya nini nje ya kazi?

Nimekiacha kitupu. Dakika kumi nzima. Naandika hili ili lijulikane: dakika kumi, kwa saa ya ukutani, na mikono nikiwa nimeikalia.

Halafu nikaipeleka mwenyewe ofisini kwa Mkuu. Alikuwa kwenye simu, akaniashiria nisubiri. Medali sasa ni nane. Pembeni yake kuna picha ambayo sikuwahi kuiangalia vizuri: Mkuu amevaa koti zito, ameketi juu ya mwamba, na nyuma yake mawingu yako chini.

Kile kisanduku kilikuwa kinaniangalia. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Mkuu ameisoma fomu yote. Alipofika mwisho alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akanyanyua simu, akamuuliza mtu nisiyemjua kama kwenye msafara wa mlimani wa Desemba bado kuna nafasi ya mtu mmoja.

Kesho nitamuuliza Shangazi kama ana kamba.