Dirisha la Dawa Limenyamaza

Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Kituo,

Natumaini u mzima, ingawa kwa utaratibu wenu mpya sina haki ya kujua. Mimi ni fundi cherehani wa duka linalotazamana na dirisha lenu la dawa, tena ni mwenyekiti wa kamati ya kutazama wagonjwa hapa mtaani. Tangu mbandike ukutani ile sheria ya kutunza siri za wagonjwa, kazi yetu imekwama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuguzi wa dirishani, tunayemwita Kipaza Sauti, mmemziba mdomo. Zamani aliita jina, ugonjwa na dawa, na nilimsikia hata cherehani ikivuma. Mwenye bawasiri alifika nyumbani akakuta majirani wameshamletea mto wa kukalia. Huo ndio utu! Siku hizi anaita namba. Nani amewahi kuiombea dua namba?

2. Kwa kukosa habari, tunakisia. Juzi fundi bomba aliingia chumba cha mwisho, akakaa humo asubuhi nzima, akatoka amelowa chapachapa, hataki kusema na mtu. Tukajua ni jasho la homa. Kamati nzima ikaenda kwake na uji na machozi, mkewe akazimia. Kumbe alikuwa anazibua choo chenu. Uji aliunywa wote, lakini mkewe hatusalimii mpaka leo. Lawama hiyo naikabidhi kwenu.

3. Pazia mlilotundika ni zito mno, halafu pindo lake limekwenda upogo. Kama ilikuwa lazima kunifungia pazia, si mngenipa kazi ya kulishona?

4. Mume wangu. Hapa ndipo panaponiuma. Kila wiki anakuja kwenu, anarudi na bahasha ya kaki chini ya koti, anasema amepita kupima presha tu. Nikamwendea Kipaza Sauti, ambaye tumesukana nywele tangu utotoni. Akaninong'oneza, yeye asiyejua kunong'ona, kwamba ni sheria, mpaka mwenyewe aridhie. Mtu ninayemfulia, ninayemjua mpaka anavyokoroma, leo niombe ruhusa kujua kinachomsumbua! Daktari, naogopa. Wiki hii nimeshona shati la mteja, mikono yote miwili upande mmoja.

Kwa hiyo naomba sheria ibaki ukutani, imependeza pale, ila isimhusu mke, wala mawifi, wala majirani kwa umbali ambao harufu ya mboga inafika. Kamati nayo ipewe kiti, ndani ya pazia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wao hawakuwa na pazia.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini na mama wa usafi. Kipaza Sauti mwambie nimemnunia, lakini gauni lake liko tayari.

Ni mimi ninayengoja habari,
Mama Cherehani

N.B. Majibu ya kile kivimbe changu mlichokichukulia kipimo, tafadhali yasitoke nje ya pazia. Nitayafuata mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Mume wangu hajui, nami sitaki ajue, maana ni mwepesi wa hofu na hatalala. Akija kuuliza, au kama naye ameshawaandikia barua ya namna hii, mjibuni neno lilelile mlilonijibu mimi.