Landrova na Paa Lake

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Leo nimeazimia. Baiskeli basi, nanunua gari! Mzee Mrisho anamwoza mwanawe Ijumaa, na bibi harusi, Sophia, yuko kijijini Mwazye. Katamka msikitini, mbele ya watu, kwamba atakayemleta Sophia mjini kwa heshima ndiye atakayembebea mizigo yake ya bandari ya Kasanga mwaka mzima, kwa malipo. Halfani, mshindani wangu, akatabasamu. Ana gari la bodi ya bati, huyo, madirisha madogo, giza tupu. Nani atamwona dereva humo?

Jumanne, 2 Agosti

Fundi Wilibrodi anauza magari mawili ya kutoa paa: jipu la vita na Landrova. Yote paa ni turubai, unafungua kamba, unang'oa vyuma, kwisha. Akaanza habari za gia na springi. Nikamwambia hayo yake. Nikaketi katika kila gari, mke wangu Mwantum kasimama ng'ambo ya uwanja, kazi yake kuniambia kama tarabushi langu linaonekana. Kwenye jipu, nusu. Kwenye Landrova, lote na shingo! Tena kioo cha mbele kinalazwa. Nimechukua Landrova. Mwantum kauliza nimenunua paa la nini kama halitakaa juu. Nimemwambia paa ni la watu wenye mambo ya kuficha.

Alhamisi, 4 Agosti

Paa nimeling'oa. Fahari iliyoje! Nimezunguka mji wote wa Mazwi mpaka mbwa wamechoka kunifukuza. Ila upepo wa huku mwezi huu hauna adabu. Tarabushi limeruka, likatua kwenye chungu cha pombe cha Mama Bertilla. Muislamu mzima nanuka pombe! Sasa nalifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu. Halfani kaniuliza kama naumwa jino. Wivu huo.

Ijumaa, 5 Agosti

Mwazye. Ndoa imefungwa, akatoka shangazi wa bibi harusi, Bi Shida. Nikamwamkia shikamoo. Analitazama gari. Akauliza mwali wao atakaa wapi. Nikamwonyesha: nyuma, juani, mahali pa fahari. Akauliza tangu lini bibi harusi akaanikwa kama ulezi.

Lahaula! Nimesahau. Bibi harusi haonwi na macho ya njiani mpaka afike kwa mumewe! Na paa liko nyumbani, Mwantum kaanikia ulezi juu yake. Halfani huyo, anafungua mlango wake wa bati taratibu, kama anafungua mlango wa peponi. Nikaona mizigo ya Kasanga inaondoka. Niliumia, sisemi uongo.

Bi Shida akaingia kukagua. Akatoka mbio, kashika pua. Halfani jana kabeba samaki wakavu wa ziwani, wala hakufagia!

Nikaruka. Nikatangaza kwamba paa langu ni la kanga. Wanawake wakae pembeni, wamfunike bibi harusi kwa kanga zao, waimbe. Ndiyo sababu nililing'oa lile la turubai, nikasema. Mungu anisamehe. Bi Shida akacheka, akawa wa kwanza kupanda. Upepo ukazivimbisha kanga, wakazishika kwa mikono na meno, wakaimba hivyo hivyo. Mji mzima ukatoka kututazama. Nyuma yetu Halfani, peke yake, anakula vumbi.

Jumamosi, 6 Agosti

Kazi nimepata! Mzee Mrisho kanishika mkono mbele ya watu. Kaniusia neno moja tu: mizigo yake ni sukari, nisisahau paa mvua zikianza. Nikasema naam, mzee. Mwantum kaja kusema ulezi umekauka, nilirudishe paa. Nilirudishe? Nimelibadilisha kwa Halfani, kanipa honi! Mjinga yule, wala hakubisha.

Jumatatu, 14 Novemba

Mvua. Sukari ya Mzee Mrisho imeyeyukia njiani yote. Nilipiga honi, haikusaidia. Halfani kanipita, mizigo aliyorundika juu ya bati lake mikavu chini ya turubai langu, akanipungia mkono. Mzee ananiita kesho asubuhi. Mwantum ananisihi ninunue paa, kama hapana kazi imekwenda.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kosa si paa. Kosa ni maji yakiingia hayana pa kutokea. Nimemwuliza Wilibrodi, kaniambia milango nayo inang'oka. Naing'oa alfajiri! Mzee atafurahi.